Mkaa Ulioshiba

Fundi wa maji alinusa moshi kabla hajafungua mlango. Gunia aliloliacha uani lilikuwa limenywea. Lilikuwa limejaa mkaa wa magunzi ya mahindi alioutoa kwenye pipa la kuchujia maji ya kisima chao, kilichopakana na karakana ya kuyeyushia betri kuukuu.

Mama yake alikuwa akipepea jiko kwa kifuniko cha ndoo.

"Mama! Si nilikwambia huu mkaa umeshiba?"

"Ndiyo, nikajua umeshiba jua. Na kweli, unawaka huo!"

"Umeshiba risasi!"

"Risasi?" Mama akatupa jicho mlangoni. "Nani kapigwa?"

Siku nyingine fundi angecheka mpaka achoke. Alimburuta mama nje, akarudi kuuzima moto.

"Madini ya risasi, mama, sumu ya betri! Mkaa unainasa majini. Ukiuchoma, unaila kwenye moshi na majivu."

Kifuniko kikamponyoka mama.

"Mwanangu, nusu nimempa jirani aliyejifungua. Amchemshie mtoto maji. Si wewe kila siku unatuambia maji ya hapa si salama?"