Mkaja wa Mama Shamimu

Nilianza kumwonea wivu mwanamke wa Afghanistan siku ya tatu baada ya tetemeko. Jina lake silijui. Alikuwa kwenye simu ya binti yangu Shamimu, amekaa mbele ya nyumba ya udongo iliyogeuka kifusi, kajifunga shuka jepesi, kitoto mapajani. Shamimu aliitazama picha ile akipika, akaitazama akila, akalia. Mimi nilimzaa kule Magoma kwa uchungu wa siku mbili, nikamsomesha kwa kuuza mbegu na dawa za mimea hapa Manundu, Korogwe, na sikumbuki kama aliwahi kunililia.

Msikitini wanawake walikuwa wanakusanya mablanketi. Lori lingeyapeleka Dar es Salaam Jumatatu, na huko watu wa misaada wangeyasafirisha. Nilitoa mawili. Shamimu akasema mawili hayatoshi, nikamjibu kwamba nyumba hii si bohari.

Jumamosi ilikuwa harusi yake. Wakwe walifika kutoka Kabuku wakiongozwa na mshenga wao, Mzee Zaidi. Kwetu mama mzazi ana haki moja isiyoguswa na mtu: mkaja, zawadi ya wakwe badala ya kile kitambaa alichokaza tumbo baada ya kujifungua. Mimi niliomba blanketi zito, rangi ya damu ya mzee. Vikatolewa vitu vya bibi, vya shangazi, hata vya somo aliyemfunda bi harusi. Sanduku likafungwa.

Nikauliza mkaja wangu uko wapi. Mzee Zaidi alikohoa kwanza. Akasema bi harusi aliwapigia simu kwamba mama ameridhia, waupeleke moja kwa moja msikitini kwa waliofikwa na tetemeko. Wamefanya hivyo tangu jana.

Wifi yangu Mwanaidi akawanong'oneza wenzake kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni: "Kumbe mzazi yuko ng'ambo. Huyu wa hapa ni mpishi wa pilau."

Wakacheka. Niliingia chumbani, nikamkuta Shamimu anarudiwa hina ya vidole.

"Nani ameridhia?"

"Mama, una mablanketi manne kabatini. Yule mama hana hata moja."

"Yule ndiye aliyekuzaa?"

Akainamisha kichwa. "Nilijua ukiulizwa utakataa."

"Ningekataa. Lakini ningekuwa nimeulizwa."

Nikatuma watu wamwambie shehe asubiri. Mama hajapata mkaja, ndoa haifungwi. Mzee Zaidi mwenyewe hakubisha. Msikiti uko nyuma ya nyumba mbili tu, nikaenda na nguo zangu za harusi. Kwenye stoo ya madrasa vifurushi vilifika dirishani. Blanketi langu la damu ya mzee lilikuwa juu kabisa. Nikalivuta, nikalipima kwa mikono. Zito kweli, wakwe hawakunidanganya.

Hapo ndipo picha ile ilinirudia, na nikaona kitu ambacho Shamimu hakukiona, kwa kuwa hajazaa bado. Shuka la yule mwanamke halikufungwa kwa ajili ya baridi. Lilikazwa chini ya kifua, fundo ubavuni, kama nilivyokazwa mimi na mama yangu. Kitoto kile hakikuwa kimefikisha wiki. Alikuwa mzazi wa siku chache, na nyumba imemwangukia akiwa mzazi.

Wivu haukuisha, siwezi kudanganya. Nililibeba blanketi nikarudi nalo nyumbani.

Nilimkabidhi Mzee Zaidi, nikamwambia aanze upya, mbele ya watu wale wale. "Sitoi kitu ambacho sijapewa," nikasema. Akaanza upya, na maneno yake yote ya heshima. Kisha nikamwita Shamimu atoke aje anifunge.

Alilizungusha kiunoni kwangu, akakaza. Hina mbichi ikaacha alama za vidole vinne kwenye pindo. Akaniuliza polepole kama nilikuwa nimefungwa hivi alipozaliwa yeye. Nikasema ndiyo, siku arobaini. Akaanza kulia, uso kwenye bega langu. Hata Mwanaidi alitazama pembeni.

Ndoa ikafungwa. Nililivaa lile blanketi mpaka mgeni wa mwisho alipoondoka, katika joto la Korogwe, jasho likinitoka hadi kwenye nyayo.

Jumatatu nililipeleka kwenye lori mwenyewe. Mama mmoja wa msikitini aliona zile alama, akataka lifuliwe kwanza. Nikakataa. Atakayejifunga huko aendako azione, ajue amelipokea kutoka kwa mwenye binti.