Mshipa wa Ziada

Miaka sita nimelikodolea macho bawa moja lisilozidi ukucha wa kidole cha mwisho. Macho yamechoka, mgongo umechoka, na hata mume wangu amechoka kuulizwa na mawifi zangu kama bado nahesabu mishipa ya mdudu aliyekufa kabla binadamu hawajakuwapo.

Mdudu mwenyewe ni ndugu wa nyigu, ila hana kile kiuno chembamba, na jike lilikuwa na msumeno mdogo mkiani wa kupasulia majani ili litage. Amebaki chapa tu kwenye jiwe. Bawani ana mshipa mmoja ambao jamaa zake hawana. Kwa mshipa huo niliandika kuwa ni spishi mpya, nikamwita kwa jina la Mzee Sindano, fundi wa makumbusho yetu anayesafisha mawe kwa sindano tangu mimi sijaajiriwa. Ijumaa anastaafu, na wajukuu wake wameshaambiwa habari ya jina hilo.

Jumatano nikaipata nusu ya pili ya jiwe. Mawe haya hupasuka kama mkate, chapa ikabaki pande zote mbili. Nusu hiyo ilikuwa imefungwa gazeti na kusukumizwa chini ya mguu mfupi wa kabati letu wenyewe! Niliiweka chini ya darubini. Mshipa haukuwapo. Nikarudi kwenye nusu ya kwanza, nikaona nilichokataa kukiona: mchubuko wa sindano. Mdudu wangu ni yule yule aliyekwisha kupewa jina zamani na wengine.

Nani angejua nikinyamaza? Na nilitaka kunyamaza, nisiwadanganye. Lakini Mzee alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake cha chai.

"Mzee, hebu njoo uone."

Aliinamia darubini. "Huu mkono wangu, mwanangu. Niliteleza."

"Na jina lako je? Nilikuahidi."

"Litoe. Na usinililie, sijafa bado."

Akachukua penseli na kadi ya lile jiwe. Kadi zetu huwa na jina la aliyeokota na jina la mkubwa wa idara. La aliyesafisha halimo kamwe. Aliandika polepole: *Mstari huu si mshipa. Niliteleza mimi.* Chini yake akaandika majina yake matatu.

Niliyasoma mara mbili. Jina la Sindano halikuwamo, na kwa miaka sita sikuwahi kumuuliza jina lake halisi.