Mbwa Aliyengoja Nimalizie

Diwani amelala mlangoni, anakoroma kama mtu aliyelipwa mshahara wake wote. Mwacheni alale. Wiki iliyopita saa kama hizi nilikuwa nimeshakubali kwamba leo atakuwa shimoni nyuma ya vibanda vya mbwa, amemwagiwa chokaa.

Mimi ni askari wa mbwa katika kampuni moja ya ulinzi huko Industrial Area. Mama yake Diwani ni mbwa wetu wa kizungu, aliyepita kwenye tundu la ua akajitafutia mume kwenye mtaa wetu wa mabanda, Mukuru kwa Reuben. Watoto walipozaliwa, meneja wetu, Irungu, aliona aibu. "Hatulindi viwanda na mbwa wa jalala," akasema. Wengine walichukuliwa na watu. Huyu mmoja nilimng'ang'ania mimi.

"Sawa, Mwanzia," Irungu akaniambia. "Mpeleke mashindano ya utiifu, kundi la wanaoanza. Akipita, anabaki. Asipopita, daktari wa mifugo akija Jumatatu atamdunga sindano ya mwisho."

Hivyo ndivyo walivyo wakubwa. Ua ulioza mikononi mwao, hukumu ikamwangukia mtoto wa mbwa.

Jina la Diwani nilimpa mimi, kwa sababu alikuwa anakula vizuri na ukimwita anaangalia kwingine. Vijana wa mtaani wakitukuta hawakosi neno. "Mzee, huyo diwani wako ameleta maji?"

"Yule mliyempigia kura ameleta?" nami nawajibu.

Sasa, katika mashindano yale alama nyingi ziko kwenye kutembea mguuni. Mbwa anakaa kushoto kwako, bega lake sawa na goti lako. Ukigeuka anageuka, ukisimama anaketi, na muda wote macho yake yako usoni mwako. Si chini, si kwa watu. Usoni.

Diwani hakuwa na habari na uso wa mtu. Mbwa aliyekulia kwetu anaangalia mikono, maana uso haujawahi kumrushia mbwa jiwe. Mtu akiinama kufunga kamba ya kiatu, Diwani ameshavuka reli. Nilimchemshia mapafu, nikashika vipande kifuani kama tulivyofundishwa kazini. Alikula, lakini macho yalibaki mkononi. Hakujua kitakachofuata ni nyama au ni jiwe.

Asubuhi moja mfereji wa maji mtaani ulikuwa mkavu tena. Nilimpeleka kwenye kiwanja kando ya reli nikaanza kulaumu kama kawaida yangu. Nikaanza na baraza la jiji, nikapita kwa taa za barabarani, nikafika hospitali. Lawama zangu zote mwisho hufika hospitali. Mke wangu Nthambi alifia huko akingojea damu. Damu ilikuwepo. Mwenye ufunguo wa chumba cha damu ndiye hakuwepo, alikwenda semina na ufunguo wake mfukoni.

Nikatazama chini. Diwani alikuwa ananitazama usoni, masikio juu, anatembea kama askari wa gwaride.

Basi tangu siku hiyo nilimfundisha kwa lawama. Nilimpa serikali nzima, wizara moja moja. Jirani yangu Triza, anayekaanga samaki mbele ya nyumba yake, alitutazama tukipita na kurudi.

"Baba Kavinya," akaniita kwa jina la mwanangu, "umepata wa kukusikiliza. Sisi tulichoka."

"Huyu hana pa kukimbilia."

"Anapo. Angalia kamba."

Nikaangalia. Kamba ilikuwa imelegea, hainivuti wala simvuti.

Wiki ya mashindano Irungu alikuja kiwanjani, akasimama mikono mfukoni. "Anatembea vizuri," akasema. "Lakini unajua ukiwa uwanjani huongei? Amri moja, basi. Ukiendelea hivyo watakukata alama zote."

Sikujua. Karatasi ya sheria ilikuwa ofisini kwao, kwa Kiingereza, na hakuna aliyeona haja ya kunisomea. Nikanyamaza, nikatembea. Hatukufika mbali kabla Diwani hajaanza kuchunguza mikono ya Irungu iko wapi.

"Jumatatu," Irungu akasema, akaenda zake.

Jioni nilimweleza Triza. Akageuza samaki wake kwanza.

"Shida yako unamaliza yote," akasema. "Nyanya yangu kule Bungoma alikuwa akitutolea hadithi, akifika pale fisi anapogonga mlango, anainuka kwenda kusonga ugali. Tulikuwa hata hatupepesi macho. Na wewe mkatie mbwa katikati."

Nikajaribu. "Na hawa wa baraza la jiji," nikaanza, nikanyamaza. Diwani akaukodolea macho mdomo wangu. Tukatembea, tukageuka, bado anakodoa. "Wanakunywa maji ya chupa," nikamalizia, na mkia wake ukanipiga mguuni. Kila siku nilirefusha kile kimya. Nilipitisha siku nzima sijalaumu hata nusu ya niliyozoea, na koo likapumzika.

Jumamosi uwanja ulijaa mbwa waliochanwa manyoya, na wenye mbwa wameketi kwenye viti vya kukunja. Mwamuzi alikuwa mama mrefu mwenye kofia ya ukindu. Akaniuliza kama niko tayari.

Nilikuwa nimetayarisha ile ya baraza la jiji. Mdomo ukatoa nyingine.

"Yule mwenye ufunguo," nikamwambia Diwani kabla hatujaanza. Kisha nikatoa amri yangu moja, "Mguuni."

Tukaondoka. Kulia, kushoto, mbio, halafu pole pole, ambapo ndipo mbwa wengi huchoka wakaangalia ndege. Nje ya kamba ya uwanja mwanamume mmoja aliinama kuokota kofia ya mtoto wake. Nikamngoja avute. Kamba ya Diwani haikukaza. Alikuwa amening'ang'ania kwa macho, anataka kujua yule mwenye ufunguo alifanya nini.

"Imekwisha," mwamuzi akasema.

Tulitoka nje ya uwanja na bado ananitazama. Nikapiga magoti kwenye majani.

"Alirudi siku ya pili," nikamwambia. "Amebeba mkoba mpya waliopewa huko semina. Akanisalimu."

La mkoba sikuwahi kumwambia mtu. Diwani alinilamba sikio, akageuka kunusa kiatu cha mtu.

Irungu alitukuta hapo hapo chini. "Amepita," akasema. "Alama si nyingi, lakini amepita."

"Na daktari wa Jumatatu?"

"Atamdunga."

Nikamvuta Diwani karibu.

"Chanjo ya kichaa cha mbwa, Mwanzia. Si mbwa wote wa kampuni hudungwa?"

Nilitaka kuinuka nimpe mkono, Diwani akanipandia mapajani. Irungu, pamoja na suruali yake iliyopigwa pasi, akaketi kando yangu kwenye majani.