Ndoo Kumi na Nane za Majivu

Mwalimu Joyness alikuwa amebakiwa na kipindi kimoja tu cha kujiokoa. Mwaka mzima alikuwa akijitolea kufundisha fasihi ya Kiingereza katika sekondari moja ya Uru, kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro, na Ijumaa hiyo Mama Dominika, mwenyekiti wa kamati ya wazazi, angekuja kumsikiliza aamue kama abaki au afungashe. Kisa ni swali moja la mtihani: mahali palipofunikwa na majivu katika riwaya maarufu ya Kimarekani ni ishara ya nini? Kidato cha tano chote, wanafunzi kumi na wanane, walijibu kwamba ni ishara ya neema.

Neema! Joyness alisahihisha huku akikuna kichwa. Yeye alikulia kwenye mashamba ya miwa kule chini, ambako miwa ikichomwa majivu meusi hupeperuka na kutua kwenye nguo zilizoanikwa. Kwake majivu yalikuwa mama kufua mara mbili na kununa siku nzima. Ni nani asiyeelewa jambo kama hilo?

Akaona dawa ni kuwaonyesha. Akaagiza kila mwanafunzi aje na ndoo ya majivu kutoka jikoni kwao. Ijumaa asubuhi wakayamwaga nyuma ya darasa, wakayatandaza, wakasimama katikati. Palitisha kweli. Hata mlima ulijifunika mawingu, kana kwamba nao umeagizwa.

"Mnaona nini?" Joyness akauliza kwa sauti ya msiba.

Eliufoo, tegemeo lake darasani, akanyoosha mkono. "Naona ndizi za mwakani, mwalimu."

Wenzake wakatikisa vichwa kukubali. Joyness akatamani ardhi ipasuke, maana Mama Dominika, bibi yake Eliufoo, alikuwa ameshafika, na alifika na hasira zake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ndiyo wewe uliyenimalizia majivu? Tangu Kwaresima nayakusanya! Leo naamka niweke kwenye migomba, nakuta debe limekombwa, naambiwa mwalimu kaagiza!"

"Mama, nilitaka waone huzuni. Hata kanisani si tunapakwa majivu tukumbuke kifo?"

"Ya padri ni ya paji la uso. Ya jikoni ni ya kihamba, yalishe migomba ya nyumbani. Usichanganye mambo."

Wanafunzi wakaangua kicheko. Mfa maji haachi kutapatapa: Joyness akatupa kando nadharia zote za chuo, akasimulia tu. Kwamba kitabuni kuna mahali majivu yamejaa mpaka kwenye kope za watu. Wanafanya kazi humo, wanazeeka humo, na matajiri wanapita na magari bila kuteremka.

Mama Dominika akatulia. "Majivu yote hayo, na hakuna mgomba hata mmoja?"

"Hakuna, mama. Hakioti kitu."

"Yametoka jiko la nani?"

"Si ya jikoni. Ni ya moto wa watu wengine."

Bibi akashika kiuno, akayatazama yale majivu. "Maskini," akasema. "Moto umewaka wote huo, na wao hawakupikiwa hata chungu kimoja."

Hakuna aliyecheka. Eliufoo akachomoa daftari, na wote kumi na wanane wakaandika. Joyness naye akaandika, machozi yakimlengalenga. Alimkumbuka mama yake akikung'uta nguo kamba hadi kamba. Miwa yote ile, na nyumbani kwao chai ilinywewa bila sukari. Mwaka mzima alifundisha ishara hiyo na hakuwahi kuieleza vizuri hivyo.

"Sasa mama," akasema akifuta macho, "kuhusu mimi kubaki..."

"Chukua ndoo."

Wakayazoa, wakapanda nayo hadi kwenye kihamba cha Mama Dominika, mwalimu mbele na ndoo kichwani, blauzi nyeupe imeshakuwa ya kijivu. Bibi akamwonyesha chipukizi la mgomba lililofika magotini. "Hili ulitilie majivu wewe, kwa mkono wako."

Akatia, akasawazisha, akainuka. "Mama, nabaki au naondoka?"

Mama Dominika akamtazama kwa huruma. "Mwalimu mzima wa ishara! Mgomba huu utazaa mwakani. Kwetu aliyeutilia majivu haondoki kabla ya kula mkungu wake."

Joyness akainama kuchukua ndoo nyingine.