Msandali Ndani ya Pipa

Vasudha aliingiza pua kwenye glasi, akaitoa, akaiingiza tena. Ilikuwa saa tatu asubuhi, na saa nne mnunuzi Mskochi angefika kuonja. Harufu aliyoipata ilikuwa nzuri kupita kiasi, na hilo ndilo lililomtia hofu.

Pipa la kumi na saba alilijua kama anavyolijua jiko la mama yake. Kwa miaka sita, akiwa msimamizi wa ghala, alikuwa amelinusa kila mwezi, tangu lilipokuwa kali la kuchoma pua hadi lilipoanza kuleta harufu ya embe bivu na asali. Kati ya mapipa mia mbili ya kiwanda kile cha wiski cha nje kidogo ya Bangaluru, India, hilo ndilo alilolichagua mwenyewe. Bwana Belliappa, mwenye kiwanda, alikuwa ameahidi kwamba chupa zitakazojazwa kutoka humo zitakuwa na jina la Vasudha kwenye lebo. Hakuna mwanamke pale aliyewahi kupata heshima hiyo. Hata mama yake, aliyezoea kuwaambia majirani kwamba binti yake anafanya kazi "ya shayiri", siku hizi alikuwa anakohoa kidogo, anasema "ya wiski".

Na leo pipa lilikuwa linanukia msandali.

Wapo wanaokunywa pombe ya molasi ya miwa iliyotiwa rangi wakaiita wiski, shauri yao. Wiski ya Vasudha ni kimea cha shayiri, maji na hamira, vyote vikapikwa kiwanda kimoja, basi. Kule Uskochi pipa hulala kwenye baridi hata miaka ishirini. Bangaluru joto halina subira. Kila mwaka karibu sehemu moja ya kumi ya wiski hupaa hewani, na mbao hutoa utamu wake mbio mbio, hivyo miaka sita inatosha kabisa. Lakini hakuna mbao za mwaloni zinazojifunza kunukia msandali kwa wiki mbili tu, tangu aliponusa mara ya mwisho.

Alikwenda ghalani. Kila pipa lilikuwa bado na alama nyekundu ya sikukuu ya zana, siku ambayo mji mzima hupaka na kuvisha maua vyombo vya kazi, kuanzia basi hadi cherehani. Alama za nje hazina neno. Ila kwenye la kumi na saba, uji wa msandali ulikuwa umekaukia ukingoni mwa tundu la kizibo, na mchirizi wake umeingia ndani.

"Babu Honnappa!"

Fundi mapipa alikuja akijifuta mikono kwenye shuka. Alikuwa na miaka sitini na minane, na nyundo yake ilikuwa bado na shada la maua ya njano yaliyonyauka.

"Babu, siku ya sikukuu ulifungua pipa hili?"

"Nililifungua."

"Ukatia nini?"

"Msandali. Tena wa hekaluni, si ule wa dukani wa kudanganyia watu." Alisema kwa fahari kabisa. "Kidole kimoja tu, mwanangu."

"Kwa nini, babu? Kwa nini?"

"Humu mmekataza ubani, mmekataza kafuri. Nikakubali, moto na pombe havikai nyumba moja. Mapipa mengine nikayapaka nje, yakatosha. Lakini hili linakwenda duniani na jina lako! Ningeliachaje litoke hivi hivi? Hata bibi harusi hatoki kwao bila kupakwa."

Vasudha alikaa juu ya pipa tupu. Mzee wa watu alikuwa amemuombea dua, na kwa dua hiyo hiyo amemmaliza, maana mbele ya sheria kidole kimoja ni sawa na ndoo nzima.

"Usimwambie mtu," alisema Vasudha.

"Nimwambie nani? Mungu anajua."

Saa nne ikafika. Mskochi, Bwana Farquhar, alikuwa na uso mwekundu kwa jua, lakini pua yake haikuwa ya kubahatisha. Alinusa, akafumba macho, akanusa tena huku Bwana Belliappa akimtazama.

"Miaka thelathini niko kwenye kazi hii," alisema hatimaye, "na kitu kama hiki sijakikuta. Nalichukua lote."

Bwana Belliappa alimgeukia Vasudha akiwa ametabasamu hadi masikioni. Naye alitakiwa atabasamu tu. Hakuna ambaye angejua. Mzee angebaki na kazi yake, mama angetamba mbele ya majirani, na jina lake lingepanda meli. Alilitaka jina lile, kwa nini tusiseme ukweli, alilitaka mpaka likamuuma. Lakini kilichokuwa kinasifiwa pale hakikuwa kazi yake.

"Haliuzwi," alisema. "Limeingiwa na kitu kisicho shayiri. Si wiski halisi tena."

Mskochi aliweka glasi chini polepole. Alimpa Vasudha mkono kwa heshima, akaaga, akaondoka bila kununua kitu.

"Nani?" Bwana Belliappa aliuliza mlango ulipofungwa.

"Ghala liko chini yangu, bwana."

"Sikuuliza liko chini ya nani. Nani aliyetia? Huyo mtu halali na kazi leo. Na usiponitajia, Vasudha, jina lako halitakaa kwenye chupa yoyote ya kiwanda hiki nikiwa hai."

"Basi lisikae," alijibu.

Alasiri ofisa wa ushuru alikuja kushuhudia, kama sheria inavyotaka, na pipa likamwagwa mtaroni. Harufu ya embe na msandali ilijaa uwanja mzima. Aliyeng'oa kizibo alikuwa Honnappa, maana ndiye fundi. Mlinzi aliyekuwa mlangoni wakati wa kuonja alikuwa ameshamsimulia yote, na alifanya kazi huku machozi yakimdondokea kwenye mikono.

"Nimekuharibia, mwanangu," alisema mzee, ofisa alipokwisha kwenda. "Naenda kwa bwana mkubwa kumwambia ni mimi."

"Hukanyagi huko." Vasudha alimshika mkono. "Ukisema, babu, jina langu nitakuwa nimelitoa bure."

Mzee aliinama, akaokota kizibo.

"Na kesho uje mapema," alisema Vasudha. "Pipa la thelathini na moja linavuja, na sina mtu mwingine wa kuliziba."

Honnappa alijifuta macho kwa ncha ya shuka.

"Linavuja wapi?" aliuliza.