Madirisha Mawili Mbele

Nuru ya Aprili iliingia kwa dirisha la maktaba ya mji wa Ennis, ikatambaa juu ya meza, ikaufikia mkono wa kulia wa Noreen Hehir, na mkono ukacheza. Si kwa baridi. Ulicheza wenyewe, vidole vikiinuka na kushuka, vikipiga kinanda ambacho hakipo. Noreen akaukalia, kama mtu anayekalia barua asiyotaka isomwe. Akatazama huku na huku. Hakuna aliyeona, na bado aliogopa.

Ulikuwa ukimcheza tangu sikukuu ya Mtakatifu Brijita, mwanzoni mwa Februari. Mama yake pia mkono ulimcheza, miaka kumi na mmoja, kwanza vidole, kisha miguu, kisha ulimi, hata akawa hawajui wanawe. Watu wakasema ni majonzi ya kufiwa na mume. Bibi yake, Delia, naye ulimcheza. Watu wakasema alianguka kwenye mkokoteni. Kila mwanamke alipewa kisa chake, na hakuna aliyevipanga visa hivyo mstari mmoja akavitazama.

Na Honora, mama yake Delia? Ah, huyo alikwenda Amerika. Ndivyo ilivyosemwa miaka yote, kisha chai ikaongezwa kikombeni na mazungumzo yakahamia kwa ng'ombe.

Basi kama Honora alikwenda Amerika, mzima wa afya, majonzi ni majonzi, mkokoteni ni mkokoteni, na mkono wa Noreen ni uchovu tu. Kama hakwenda, basi alifichwa kwa ugonjwa uleule, na ugonjwa huo ni wa damu. Na damu haikomi kwa Noreen. Yupo Gráinne, binti yake wa pekee, mwenye mimba ya miezi minne, aliyekwisha kuchagua rangi ya chumba cha mtoto.

Colman, kaka wa Noreen, alimwonya asubuhi ile, huku akipaka siagi mkate wa magadi. "Waache marehemu, dada. Ukifukua kaburi utapata nini zaidi ya mifupa?"

"Nataka kujua alikaa wapi tu," alisema Noreen. Alidanganya, na Colman alijua kuwa anadanganya.

Karatasi za sensa zimo kwenye kompyuta siku hizi, na mwandiko wa waliokufa unawaka kwenye kioo. Akaanza na mwaka 1901. Kijiji cha Doonaveel, nyumba ya saba. Polisi ndiye aliyehesabu: kuta za mawe, paa la nyasi, vyumba viwili, madirisha mawili mbele. Serikali ile ilihesabu hata mwanga wa maskini. Thady Talty, mkulima. Honora, mkewe, miaka 31, anajua kusoma. Watoto wanne, wa mwisho Delia, miaka miwili.

Safu ya mwisho kulia ndiyo aliyoiogopa. Pale waliuliza nani kiziwi, nani bubu, nani kipofu, nani mwenda wazimu. Ilikuwa tupu. Noreen akashusha pumzi. Angeweza kuinuka wakati ule, akavaa koti lake, akaenda nyumbani.

Hakuinuka. Akafungua 1911.

Nyumba ni ileile. Kuta za mawe, paa la nyasi, madirisha mawili mbele. Thady yupo juu kabisa, na mbele ya jina lake limeandikwa neno moja: ameoa. Haikuandikwa kwamba amefiwa. Na chini yake kuna mstari uliokatwa kwa wino mwekundu.

Kosa hilo lilifanywa nchi nzima. Serikali ilitaka waliolala ndani usiku wa sensa, Jumapili, basi. Lakini akina baba waliandika wa nyumbani mwao: binti aliye mtumishi Limerick, mwana aliye baharini. Polisi akaja na kalamu yake, akawakata mmoja mmoja. Alipotoka, nyumba ilikuwa imepungua.

Chini ya wino mwekundu alikuwamo Honora. Mke. Miaka 41. Na katika safu ya mwisho, palipotakiwa neno moja la serikali, Thady alikuwa ameandika yake mwenyewe:

"Mikono tu. Atarudi."

Noreen aliyasoma maneno hayo mara mbili. Sasa alijua pa kutafuta. Hospitali ya wenda wazimu, usiku uleule, kurasa na kurasa za wagonjwa, na hakuna jina hata moja. Mle watu waliandikwa kwa herufi za mwanzo za majina yao tu. Alishuka nazo polepole, akiomba asiikute. Aliikuta. H. T., mke wa mkulima, 41.

Amerika ya Honora ilikuwa safari ya nusu siku kwa gari la punda.

Mficha maradhi, kilio humfichua. Na familia hii ilificha miaka mia. Noreen alimpigia Gráinne simu kabla woga haujampa kisa cha nne cha uongo. Wakakutana Doonaveel alasiri ile, penye nyumba ya saba, kando ya ukuta wa mawe. Akamwambia yote, kwa mfuatano, bila kupumua.

Gráinne alishika tumbo lake. Uso ulimbadilika, ukawa wa mtoto aliyeamshwa na kelele.

"Na wewe mkono unakucheza tangu lini?"

"Februari."

"Miezi miwili umenikalia kimya, mama." Alilia kwa hasira, kisha kwa hofu, na hofu yenyewe ilikuwa ya kweli. Kuna kipimo cha damu kinachoonyesha nani amerithi. Watakwenda wote wawili, au mmoja, au hapana. Hilo hawakuliamua pale.

Gráinne alipangusa pua kwa mkono wa sweta. "Mwakani wanahesabu watu tena," alisema. "Popote utakapolala usiku huo, nitakuandika kwangu. Wakate wao."

Paa la nyasi lilishaanguka zamani, na mwiba umeota jikoni. Lakini ukuta wa mbele bado umesimama. Nuru ikaingia kwa madirisha mawili, ikawaangukia, ikaufikia mkono wa Noreen, na mkono ukacheza. Safari hii hakuukalia. Gráinne aliuchukua, akauweka juu ya tumbo lake, wakabaki hivyo, wote wakiogopa.