Safu ya Hina Sebuleni kwa Sugeng

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi Mama Wartini alikuwa amechuchumaa barazani, saruni imefungwa kiunoni, akiinywesha okidi maji aliyooshea mchele. Alikuwa mjane wa miaka sitini na minne, mwalimu mstaafu wa darasa la kwanza, na katika uchochoro wao wa mji wa Batu, huko milimani Java, hakuna aliyemzidi kwa vyungu. Maua yake hayakuchagua pa kukaa. Yaliota kwenye makopo ya rangi, kwenye birika lisilo na mkono, kwenye sufuria ya umeme iliyoungua, na begonia moja ilikuwa imestawi ndani ya kiatu cha marehemu mumewe, Darsono.

Okidi hiyo ilikuwa imenuna miaka minne bila kutoa ua. Asubuhi hiyo, chini ya jani la tatu, aliona kikonyo cha kijani kisichozidi ncha ya penseli.

"Kumbe u hai, mtukutu wewe," alisema, akacheka peke yake.

Alikuwa bado anacheka wakati sauti ya Yuliati, mke wa jirani, ilipopanda juu ya ukuta.

"Mama Wartini! Ukimaliza hapo, njoo mara moja. Hina zako zimeota sebuleni kwetu."

"Ngapi?"

"Safu nzima."

"Zimechanua?"

"Zimechanua. Nyekundu, na nyingine za rangi ya waridi."

"Basi ngoja nichukue mkasi."

Wenyewe huliita ua hilo hina ya maji, kwa sababu wasichana huliponda na kupaka kuchani. Darsono alilipanda mwaka aliomwoa Wartini, likawa ua wa mpaka kati ya kiwanja chao na cha jirani. Alikuwa fundi cherehani, na alikuwa amevuta uzi kutoka barabarani mpaka mtoni kabla ya kufukia mbegu ya kwanza. Mstari ule haukupinda hata unene wa kidole.

Miaka miwili iliyopita Mama Wartini alikwenda Surabaya kumlea binti yake aliyejifungua, akakaa miezi mitatu. Aliporudi, ua haukuwapo. Mahali pake, na mita mbili zaidi kuingia kiwanjani kwake, palikuwa na sebule mpya ya Sugeng, mume wa Yuliati na muuza tufaha, yenye marumaru nyeupe na dirisha pana. Alikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Mwenyekiti alimwonyesha hati mpya ya kiwanja kilichopimwa upya, akampa chai.

"Karatasi inasema hivyo, Mama. Na imegongwa muhuri."

Tangu siku ile alikuwa hasalimiani na Sugeng. Ila na Yuliati walisalimiana, maana Yuliati hakujenga kitu.

Sasa aliingia ndani ya sebule ile kwa mara ya kwanza. Hina zilianzia chini ya dirisha, zikapita katikati ya makochi, zikaenda kuishia nyuma ya televisheni, zimefika magotini. Marumaru haikupasuka popote. Mashina yalitoka ndani yake kama yatokavyo udongoni. Sugeng alikuwa amesimama pembeni na fagio, macho mekundu.

"Nimeng'oa mara mbili tangu alfajiri," alisema, bila kumtazama.

"Na mizizi?"

"Na mizizi."

"Basi ndipo ulipokosea. Hina ukiitikisa inamwaga mbegu."

Akagusa kifuko kimoja kilichoiva. Kikapasuka, pu, mbegu zikaruka mpaka kwenye kioo cha televisheni. Alikuwa amesahau raha ya jambo hilo. Akagusa kingine. Yuliati naye akagusa kimoja, akapiga ukelele mdogo kama mtoto.

"Wakwe wanakuja Jumamosi kumposa binti yetu Winarsih," Sugeng alisema. "Wanatoka Kediri. Nitawaweka wapi?"

"Waweke hapa hapa," alisema Mama Wartini. "Ila usizimwagie maji ya baridi usiku."

Sugeng hakuzimwagia maji ya baridi. Alizimwagia ya moto, kisha chumvi, kisha zege la ndoo mbili. Kila asubuhi safu ilikuwa pale pale, imeongezeka rangi. Jumatano zilitoka nyeupe. Alhamisi zilitoka za zambarau zenye madoa, aina ambayo Mama Wartini hakuwa ameiona tangu ujana wake, naye alikaa chini sakafuni kuzitazama mpaka chai aliyopewa ikapoa. Kuhusu chumvi alimkemea Sugeng waziwazi.

"Unaua nyungunyungu, bwana."

"Mama, chini kuna zege. Nyungunyungu wa wapi?"

"Wamo. Chimba uone."

Sugeng hakuchimba.

Jumamosi wageni walifika saa nne, watu saba, na kapu la matunda. Wanne walikaa upande wa jikoni, watatu upande wa dirisha, na hina zikawa katikati yao. Walisalimiana juu ya maua. Wali wa kunata uliofungwa kwenye majani ya mgomba ulipitishwa juu ya maua. Mbegu moja iliruka ikatumbukia katika kikombe cha mjomba wa bwana harusi, naye akaitoa kwa kijiko, akaendelea kunywa.

Mama wa kijana, mwanamke mnene aliyeitwa Suparmi, alikuwa haondoi macho kwenye zile za zambarau.

"Hizi nimezitafuta miaka. Nani mwenye mkono huu hapa?"

Sugeng aliangalia chai yake. Yuliati alirekebisha kitambaa cha meza kisichohitaji kurekebishwa. Aliyejibu ni Winarsih, binti mwenyewe, aliyefundishwa kusoma na Mama Wartini katika darasa la kwanza.

"Ni ua wa jirani yetu. Kiwanja chake kinaanzia hapo."

Suparmi akatazama miguu yake, akatazama upande wa pili wa safu.

"Kwa hiyo sisi watatu tuko kwa nani?"

"Ninyi mko kwa Mama Wartini."

"Haya, aitwe basi! Tunakula kwa mtu, mwenyewe hayupo? Wenzetu wa Batu, mna mambo."

Mama Wartini aliitwa. Alikuja amebadili blauzi, lakini udongo ungali kuchani. Alikaa upande wa dirisha, akawaambia wale watatu, "Karibuni kwangu," nao wakaitikia, "Ahsante, tumekaribia." Posa ikapokelewa. Alipoondoka, Suparmi alikuwa na mbegu kwenye bahasha na maelekezo ya mboji.

Jumatatu mwenyekiti wa mtaa alikuja na futi ya kamba. Alipima kutoka barabarani hadi kwenye hina ya kwanza, kutoka hina ya mwisho hadi mtoni, akaandika. Vipimo vililingana na hati ya zamani ya Darsono, hadi sentimita. Alivua miwani.

"Safu imenyooka kweli," alisema. "Lakini maua hayana muhuri."

Akala ndizi mbili za kukaanga, akaenda zake.

Mama Wartini alibaki amechuchumaa kwenye safu, akiondoa majani yaliyokauka. Sugeng alikuwa mlangoni.

"Sugeng," alisema bila kuinua kichwa. "Ardhi hii ni yangu."

"Najua, Mama."

"Vizuri."

Alikuwa amelisubiri neno hilo miaka miwili, na alipolipata aliona ni dogo kuliko alivyodhani, ila halikuwa bure. Aliendelea kukata. Tangu hapo alikuja kila asubuhi, bila kubisha hodi, kwa kuwa alipitia upande wa dirisha. Yuliati alimwekea kiti na birika la chai ya asumini. Walizungumza habari za vidukari, za mvua, za okidi iliyofungua ua la kwanza kisha la pili mpaka yakatimia tisa. Siku za mpira Sugeng alitazama televisheni kupitia kwenye maua, na goli likiingia vifuko vilipasuka kwa kelele zake.

Baada ya harusi Sugeng alijenga ghorofa juu ya sebule, chumba cha binti na mkwe, mita zile zile mbili ndani ya kiwanja cha mwenzake. Fundi alimaliza Ijumaa. Jumapili Winarsih aliita kutoka dirishani, na Mama Wartini akapanda ngazi polepole, mkono mmoja ukutani, mkasi mfukoni.

Hina zilikuwa zimeshafika magotini, zimevuka sakafu mpya kutoka ukuta hadi ukuta, zikipita chini ya kitanda. Sugeng alikuwa ameshika upande mmoja wa kitanda, akisubiri.

Mama Wartini alivuta pumzi, akaangalia dirisha, akaangalia majani.

"Huku juu zitapata jua zuri zaidi," alisema. "Kisogeze kidogo kushoto."

Sugeng akakisogeza.